Kinga Ziko Ngapi?

Siku ya kuniaga, vijana wa masjala waliniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki na sikuweza kukataa. Sasa nimekaa hapa Nyeri, sweta mbili mwilini, najaribu kutimiza ahadi. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara wa serikali hauhitaji maelezo. Nitaandika juu ya maneno, maana hayo ndiyo yaliyonilisha, na kuna moja ambalo nimestaafu bila kulielewa.

Naitwa Rael Nekesa. Nilikuwa karani wa mahakama: naita kesi, naapisha watu, natafsiri. Hakimu na mawakili wakisema Kiingereza, mimi naweka Kiswahili. Mwananchi akijibu kwa Kiswahili, mimi narudisha Kiingereza. Nimezaliwa upande wa Bungoma, lakini kituo changu cha kwanza kilikuwa Kangema, katikati ya majani chai, na nilifika huko nikijua neno moja tu la Kikuyu, la kuombea chai. Kwetu sasa wananicheka, ati natamka kama watu wa mlimani.

Kangema nilipokelewa na karani mkongwe aliyeitwa Mzee Gichuki, mtu mwembamba mwenye koti la kijivu ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alikuwa akiniita Raer, na baada ya muda nikaanza kuitika. Asubuhi ya kwanza hakunipa faili wala kalamu. Alinisimamisha kwenye mlango wa varanda na kuniambia niite jina la mtu aliyekuwa amekaa benchi la mwisho. Nikaita. Hakuna aliyeinua kichwa.

"Unaita kama unaomba chumvi kwa jirani," akasema. "Mtu ako hapa na shida yake. Hata jina yake ameisahau. Muite mpaka akumbuke ni yake."

Niliita siku nzima mpaka sauti ikakauka. Ndiyo sauti niliyoitumia mpaka mwisho, na wanangu wanasema ndiyo iliyowalea.

Jambo la pili alilonifundisha ni sheria yake ya ukalimani. Karani, alisema, anatafsiri neno. Maana si yake. Maana ni ya wenye kesi na hakimu, na karani akianza kugawa maana atakuwa hakimu wa tatu asiyelipwa. Hakimu wa pili alikuwa nani hakuniambia, lakini nilipoolewa nilifahamu.

Sheria hiyo niliishika, ijapokuwa ilinitia taabu. Kerugoya, kwa mfano, kulikuwa na mama mmoja Mkatoliki aliyeona mtu akiiba pampu ya maji. Polisi wakamwambia atakuwa shahidi. Siku ya kesi hakutokea. Akaletwa, akasimama mbele ya hakimu akitetemeka, akasema pampu yenyewe haikuwa nzuri hivyo. Tulipomhoji tukagundua kwamba kanisani kwao kuna picha ya mashahidi wakiwa wamefungwa pamoja na kuni, tayari kuchomwa. Neno ni lile lile. Nilimwambia hapa hakuna kuni, akauliza jiko la korti linatumia nini. Nikajiambia basi nimeona mwisho wa maneno. Sikuwa nimeona kitu.

Kesi ninayotaka kuwaambia ilikuja Nyeri, miaka yangu ya mwisho. Mlalamishi aliitwa Muthoni, fundi wa kushona sare za shule Karatina. Alikuwa na binti mdogo ambaye alizaliwa hasikii. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mtoto anaweza kuwekewa kifaa cha kusikia kwa upasuaji, lakini kisicheleweshwe, kwa sababu mtoto asiyesikia maneno akiwa mdogo huja kuyakosa kabisa. Upasuaji kama huo fundi wa sare hauwezi. Ila baba wa mtoto, kwa maneno ya Muthoni, alikuwa Bwana Mwaniki, mfanyakazi wa shirika moja la kimataifa linaloshughulika na udongo na mbegu, na bima ya shirika hilo ilikuwa ikitibu watoto wa wafanyakazi bila kuuliza sana. Muthoni hakutaka kuolewa wala kutunzwa. Alitaka mtoto akubaliwe, jina lake liingie kwenye bima, masikio yatengenezwe.

Mwaniki alikana. Na hata kabla ya kukana alikuwa na jibu lingine, alilolitoa kwa chifu, kanisani na mahali pa nyama choma: yeye hapelekwi kortini, ana kinga. Alikuwa akiendesha gari la ofisi lenye nambari nyekundu kama za ubalozi, na nambari hizo ziliwachanganya watu wazima wenye akili zao. Mpeleka samansi wetu, mtu ambaye aliwahi kumkabidhi mganga hati akiwa kilingeni, alirudi na karatasi mkononi.

"Yule hashikiki, madam. Nikimguza ni kama nimeguza ubalozi," akasema.

"Umeambiwa na nani?"

"Na yeye mwenyewe. Na askari wa geti. Hata huyo askari hajui kama yeye ako Kenya ama ako inje."

Nilimpelekea hakimu swali. Hakimu wetu wa wakati huo alikuwa mwanamke kijana, mtaratibu, aliyependa kueleza. Alisema sheria ya mapendeleo na kinga ipo kweli. Wakubwa wachache wa mashirika haya wamefunikwa karibu kama mabalozi. Wengine, kama Mwaniki, wamefunikwa kwa yale tu wanayosema na kufanya wakiwa kazini, ili serikali isiwasumbue kwa kazi yao. Tena kinga yenyewe si mali ya mtu. Ni ya shirika, na shirika linaweza kuiondoa.

"Kwa hivyo, Mheshimiwa, kupata mtoto ni kazi ya udongo ama ni kazi ya mbegu?" nikauliza.

Alijifanya kutafuta kalamu. Kisha akasema hata jambo lililo wazi lazima liulizwe kwa heshima, na samansi ikapelekwa kwa njia zake za heshima. Kwa mshangao wa mpeleka samansi, Mwaniki akaja.

Alikuja na wakili, na mama yake mzazi kama shahidi. Kesi za watoto husikizwa mlango ukiwa umefungwa, kwa hivyo wenye kesi walikuwa wakingoja varandani, kila upande benchi lake. Nikasimama mlangoni, nikamwita shahidi kwa sauti ya Kangema: "Wangechi!"

Mama yake Mwaniki akasimama, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Kwenye benchi la pili mtoto wa Muthoni alikuwa akicheza na kifungo cha koti la mama yake. Hakugeuka. Muthoni akasema, bila kumtazama mtu, "Hata huyu ni Wangechi. Ni vile tu hasikii."

Nilikuwa nimekaa mlimani miaka mingi, sikuhitaji kufafanuliwa. Hapa binti wa kwanza huitwa jina la mama mzazi wa baba. Si jina la kumpendeza mtu. Ni kwamba mama huyo amezaliwa tena. Muthoni alikuwa amemtaja baba wa mtoto siku ya kumpa jina, kabla ya korti yoyote. Yule mama yake Mwaniki, tuliyemwita mama mkubwa, alipita mbele ya mtoto akiangalia mlango. Nilimwona, na nilimchukia kidogo.

Ndani, wakili alisimama akatamka neno la Kiingereza, immunity, kwamba mteja wake analo na kesi itupwe. Neno la kisheria kwa Kiswahili ni kinga. Halina ndugu. Nikamgeukia Muthoni nikatafsiri: "Wakili anasema Bwana Mwaniki ana kinga."

Muthoni akamtazama Mwaniki muda mrefu.

"Kama alikuwa na kinga," akasema, "huyu mtoto alitoka wapi?"

Askari wa korti alikohoa mpaka akaomba ruhusa kutoka. Nami, kwa sheria ya Mzee Gichuki, nililirudisha neno kwa hakimu lilivyo, na kwa Kiingereza likawa halina kichwa wala miguu. Hakimu akaniuliza mlalamishi anamaanisha nini. Nikasema anamaanisha kinga, Mheshimiwa. Gani? Ile ya dukani. Hakimu akaandika kwa muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji. Kisha akaamua kwamba shirika liulizwe, kupitia wizara inayohusika na mambo ya nje, kama linadai kinga kwa jambo hili.

Kungoja kulikuwa kwa muda mrefu, na Muthoni alikuwa akipita masjala kila alipokuja mjini kununua vitambaa. Mtoto alikuwa akisimama kwenye kaunta akitazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Nilianza kusema naye polepole kama mjinga. Sijui nilidhani nini. Kila mara Muthoni aliuliza kama kuna jibu, na mimi kila mara nilimwambia bado, na iliniuma, maana nilikuwa nikikumbuka yale maneno ya daktari na kuona mtoto anavyorefuka.

Hatimaye jibu likaja. Tukaingia tena ndani: Muthoni na mtoto, Mwaniki na wakili, mama mkubwa, askari na mimi. Hakimu akasoma kwa Kiingereza. Shirika lilisema hili si jambo la kazi, mfanyakazi wake hana kinga juu yake, na kama kulikuwa na chembe yoyote, wameiondoa. Nikatafsiri, wazi na polepole, nikijivunia kidogo:

"Mlalamikiwa hana kinga. Shirika limemwondolea kinga yote."

Hakimu akaongeza maelezo yake yale yale, na mimi nikayaweka: "Kinga ilikuwa ya kazi yake, haikuwa ya mwili wake." Nikasikia mama mkubwa akivuta pumzi. Hapo nikaanza kuhisi vibaya, lakini hakimu alikuwa ameshafika kwenye amri, na mkalimani hamwambii hakimu angoje. Amri ilikuwa kuhusu kupima DNA. Nikatafsiri: "Korti inaamuru Bwana Mwaniki na mtoto wapimwe damu."

Nyinyi vijana hamkuwa wakubwa wakati redio, kuta za zahanati na mahubiri yalikuwa yakisema kitu kimoja tu. Kwa watu wa rika letu, kinga ikipungua mwilini ni Ukimwi. Mtu hana kinga, halafu anatakiwa kupimwa damu. Hakuna mtu ndani ya chumba kile, isipokuwa hakimu, wakili na mimi, aliyesikia sheria. Hata Mwaniki alijishika shavu.

Muthoni aliinuka kabla korti haijaahirishwa, akambeba mtoto, akatoka mbio. Baadaye nilijua alikimbilia hospitali, akapanga foleni, akapimwa yeye na mtoto, na hakupumua mpaka alipoambiwa wote wawili wako salama. Mama mkubwa nilimwahi varandani.

"Mama, si hiyo kinga," nikamwambia.

"Kwani ziko ngapi?"

Lilikuwa swali zuri, nami nikajitahidi. "Iko ya mwili, ya ugonjwa. Iko ile ya wanaume. Halafu iko ya korti."

"Na yeye wamemtoa gani?"

"Ya korti."

"Korti imemtoa kinga, halafu korti inasema apimwe damu." Alifunga kitambaa chake vizuri. "Madam, mimi sikusoma, lakini usinifiche. Huyo ni kijana yangu mmoja peke yake."

Kila nilichoongeza kilizidi kuharibu. Nilipomwambia damu ni ya DNA, akauliza kama hiyo ndiyo imemshika.

Askari alikuwa amerudi mlangoni, na askari wana midomo. Kabla ya Jumapili Karatina nzima ilikuwa inajua. Nataka niseme wazi kwamba hata ingekuwa kweli, siku hizi watu wanameza dawa na kulima na kuzeeka. Nina jamaa zangu mwenyewe. Lakini habari haikutembea hivyo. Ilitembea kwa mtindo wa zamani, ikinong'onezwa.

Mwaniki akaja masjala, akasimama kwenye kaunta pale pale ambapo mtoto alikuwa akisimama. Nambari nyekundu alikuwa ameiacha mbali.

"Madam, umeniua na neno moja."

"Nilisema yaliyosomwa."

"Ofisini wananiletea uji ya wimbi. Pasta amenishika kichwa. Pima zote nimepima, niko sawa, na nikionyesha watu karatasi wanasema pole." Akainama. "Please, ita watu uwaambie niko na kinga."

"Siwezi. Korti imesema huna."

"Basi sema sina shida."

"Hiyo korti haikusema."

Akaniangalia kana kwamba ndimi niliyebuni Kiswahili. Sikumcheka. Lakini nilimkumbusha kwamba sikuwafundisha watu wa Karatina neno lile. Alikuwa amelitembeza yeye mwenyewe kila mahali, akijigamba nalo, mpaka hata watoto wa kuuza karanga wakalijua. Mimi nilikuja tu kuwaambia limeisha. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli yule mtoto hasikii hata akiitwa jina lake. Nikamwambia hiyo ndiyo kesi yote.

Yaliyofuata niliambiwa na Muthoni. Alikuwa akishona alipomwona mama mkubwa mlangoni pa kibanda, amebeba mkungu wa ndizi begani kama kijana. Aliweka ndizi chini, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Kama huyu wangu anaenda," akasema, "mimi sitaki kubaki bila mtu. Nimekuja kujiona."

Muthoni angeweza kumwambia. Alikuwa ametoka hospitali na majibu mazuri, alikuwa ameanza kushuku kwamba ile ni Kiswahili tu. Aliniambia alifungua mdomo aseme, lakini mtoto alikuwa ameshapanda magotini kwa mama mkubwa, ameshika kile kitambaa cheupe, na mama mkubwa alikuwa amefunga macho. Akarudi kwenye cherehani. Nilipomuuliza kama hakuona ni vibaya, aliniuliza kama mimi naona, na sikujua. Mpaka leo nikilala upande huu naona ni vibaya, nikigeuka naona sivyo.

Mama mkubwa alirudi nyumbani akamwambia mwanawe kwamba asingoje majibu ya damu kutoka Nairobi. Mtoto ana jina. Mwanawe amempuuza mama yake mzazi, aliyezaliwa tena, miaka hiyo yote, akiwa mdogo, akiwa hasikii, ndani ya kibanda cha sare. Mwaniki akaandika ukubali wake kabla majibu ya maabara hayajafika. Yalipofika yalisema lile lile ambalo Muthoni alilisema siku ya kumpa mtoto jina. Bima ikafunguka, na mtoto akapelekwa Nairobi.

Sasa vijana mtaniuliza funzo ni nini, na mimi ndiye ninayewauliza. Nilitafsiri sawasawa. Hakimu alikagua maneno yangu, wakili alijaribu kukata rufaa juu yake akashindwa kupata neno bora. Ningetafsiri maana badala ya neno, mama mkubwa asingebeba ndizi. Kwa upande mwingine, mtu alimlilia mwanawe aliye hai. Ningependa kumuuliza Mzee Gichuki, lakini alizikwa Kangema zamani, na namfahamu, angesema maana si yangu.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa napanga faili za kuacha, nikasikia hodi. Alikuwa mama mkubwa, amekuja Nyeri kwa shughuli zake, na mtoto wamemvika sare ya chekechea iliyoshonwa kwa mkono ninaoujua. Nyuma ya sikio kulikuwa na kile kifaa, kidogo, rangi ya kahawia. Mama mkubwa aliniletea nduma za kuchemsha. Tukaongea habari za mvua. Kisha akainama karibu na kaunta.

"Madam, nataka nikuulize na unijibu ukweli. Ile kinga ya Mwaniki, ilirudi?"

Nikafikiri. Nikisema ilirudi, atadhani mwanawe ametoroka korti tena. Nikisema haikurudi, atakwenda kumchemshia viazi vyekundu vya kuongeza damu mpaka amalize shamba. Miaka yote ile ya kutafsiri, na swali fupi hivyo likanishinda.

"Shosho, sijui," nikamwambia, kama mjukuu wake.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akishuku tangu mwanzo kwamba korti haijui kitu, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Walikuwa wamefika mwisho wa varanda nilipoona amesahau mwavuli wake kwenye kaunta. Nikauchukua, nikasimama mlangoni, nikaita kama nilivyofundishwa:

"Wangechi!"

Wakageuka wote wawili.